Popo Hakuchelewa: Safari ya Neno Serotinus

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa lugha, asanteni kwa kuja na kwa kunipa nafasi hii.

Nimekuja na neno moja tu. Ni la Kilatini, serotinus, na nililikuta nikitafsiri makala ya misitu. Makala ilieleza aina za msonobari ambazo koni zake, yale matunda magumu yenye magamba, hubaki zimefumba mtini kwa miaka mingi. Sifa hiyo ilikuwa imepewa jina linalotokana na serotinus. Nikafungua kamusi, nikaona maana yake ni kuchelewa. Basi nikaandika "koni zilizochelewa" nikaendelea na kazi. Kesho yake mhariri akanirudishia ukurasa ule na swali moja pembeni: zimechelewa nini?

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye kamusi, safari hii nikachukua nyingine, kubwa zaidi, nayo ikanipa maana ya pili ya neno lile lile: popo. Kuchelewa na popo, chini ya neno moja. Tangu siku ile neno hili halijaniacha, na leo nataka niwaeleze lilikotoka na linakokwenda.

Nitaanza na Kiswahili, maana kosa langu lilianzia humo. Sisi tunasema kuchelewa bila kufikiri. Lakini mtazameni kitenzi hiki kilivyoumbwa. Mzizi wake ni -cha, kile cha "kumekucha", cha "usiku kucha", cha "jua linakucha". (Kuna -cha nyingine, ya mcha Mungu, ambayo maana yake ni kuogopa, hiyo tuiweke kando.) Kutokana na -cha ya mapambazuko tunapata kuchea au kuchelea, yaani kupambazuka kwa ajili ya mtu au juu ya mtu, na kutoka hapo kuchelewa, kauli ya kutendewa. Ni njia ile ile inayotoka kufa, kupitia kufia, hadi kufiwa. Ni njia ya kunyesha hadi kunyeshewa. Aliyefiwa hakufa yeye, na aliyenyeshewa hakunyesha yeye. Aliyechelewa, kwa maana ya asili, ni mtu aliyekuchewa: alfajiri imemkuta bado yupo kitandani, au bado hajatoka, au bado hajafika alikotakiwa kufika kabla ya jua.

Kwa hiyo kuchelewa kwetu ni jambo la asubuhi. Ndani yake mna tukio, nalo ni kupambazuka, na mna mtu aliyepitwa na tukio hilo. Ndiyo maana neno lina lawama. Anayesema "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" anazungumza na mtu ambaye kitu kinampita.

Na jioni je? Kiswahili hakikuiacha. Kuna -chwa, ambayo wengine hutamka -twa, kitenzi cha jua kuzama. Tunakitumia kila siku tunaposema "mchana kutwa", yaani mchana mpaka jua limezama, kama tunavyosema "usiku kucha" kwa usiku mpaka jua limechomoza. Machweo yametoka humo. Na humo humo kuna kitenzi ambacho siku hizi nakisikia kwa nadra, nacho nakipenda mno: kuchwelewa. Aliyechwelewa ni aliyekutwa na machweo njiani. Kuchelewa na kuchwelewa, herufi moja tu ya tofauti, na kati yake kuna mchana mzima. Kimoja kimeshinda kikatawala kila aina ya kuchelewa, hata ule wa saa nane za mchana. Kingine kimebaki kwa wazee na katika kamusi. Naona ni hasara, na nitarudi kwake.

Sasa twende Kilatini. Neno la msingi ni serus, lenye maana ya -a baadaye, -a kuchelewa. Wanaochunguza lugha za kale wanaliweka ukoo mmoja na sír la Kiayalandi cha kale na hir la Kiwelisi, na maneno hayo mawili maana yake ni "ndefu". Kwa hiyo chini kabisa ya kuchelewa kwa Kilatini hakuna tukio lililompita mtu. Kuna urefu, wakati uliojinyoosha. Mrumi alipotaka kusema jambo limefanyika kwa kuchelewa alisema sero. Na wakati uliojinyoosha hadi mwisho wa siku ni upi? Ni jioni. Sero ikateleza taratibu hadi maana hiyo, na leo Mfaransa akisema soir, Mwitaliano akisema sera na Mromania akisema seară, wote wanasema jioni, na wote wanatamka neno la Kilatini la kuchelewa bila kujua.

Hebu tulia hapo kidogo. Sisi tulichukua mapambazuko tukayafanya kuchelewa. Wao walichukua kuchelewa wakakufanya jioni. Nilipoelewa hilo ndipo nilipoelewa kwa nini tafsiri yangu ilikuwa mbovu.

Kutoka serus, Kilatini kikaunda serotinus kwa kiambishi cha mwisho kinachotengeneza sifa za wakati. Kiambishi hicho kimo pia katika crastinus, -a kesho, na pristinus, -a zamani. Crastinus ni kitu kilicho mali ya kesho. Vivyo hivyo serotinus ni kitu kilicho mali ya wakati wa mwishomwisho, iwe ni mwisho wa siku au mwisho wa msimu. Neno halidai kwamba kitu hicho kilipaswa kuja mapema zaidi. Linakitaja tu kwa sehemu yake ya wakati, kama tunavyosema mtu wa zamu ya usiku bila kumaanisha kwamba alikosa zamu ya asubuhi.

Waliolitumia sana ni watu wa shamba. Columella na Pliny, waandishi wa Roma wa karne ya kwanza, wanalo katika habari za kupanda na za matunda: kuna tini za mapema na tini serotinae, kuna kupanda kwa mapema na kupanda kwa baadaye. Kinyume chake kilikuwa praecox, ambalo kwa asili ni "lililopikwa mapema", yaani lililoiva kabla ya wenzake. Mkulima aliyekuwa na miti ya aina zote mbili alikula tini kwa muda mrefu zaidi. Hakuna mkulima aliyelaumu mtini wa pili.

Mfano unaonigusa kuliko yote umo katika Biblia ya Kilatini, tafsiri ya Jerome. Kumbukumbu la Torati 11:14, Mungu anaahidi mvua mbili. Ile ya mapema Jerome anaiita temporanea, na ile ya pili serotina. Mvua ya mapema hulainisha udongo na kuotesha mbegu. Ile ya pili huja nafaka ikiwa inajaza, na bila hiyo suke hubaki makapi. Mvua serotina ni baraka iliyoahidiwa kwa wakati wake. Ingenyesha mapema ingekuwa imekosa kazi.

Mpaka hapa hamjamwona popo. Anakuja karne ya 18, Ufaransa.

Kabla ya hapo Kilatini kilikuwa na neno lake la popo, vespertilio, lililotoka katika vesper, jioni. Vesper na hesperos ya Kigiriki ni ndugu, na yote mawili yalibeba jioni pamoja na upande jua linakozama. Sisi hatuna haja ya kushangaa, kwa kuwa tunalo magharibi, tulilopewa na Kiarabu, na ndani yake tunaswali na tunaelekeza njia kwa neno moja. Vespertilio ni kiumbe cha jioni. Waitaliano walilizungusha mdomoni kwa karne nyingi, likawa vipistrello, kisha pipistrello, mpaka asili yake ikafichika.

Watu wengine waliotazama mnyama yule yule waliona mambo mengine. Wagiriki waliona usiku wakamwita nykteris. Mjerumani akaona panya anayepapatika, Fledermaus. Mhispania akaona panya kipofu, murciélago, akamwonea, maana popo anaona. Hata Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga viumbe kwa makundi na majina ya Kilatini, katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake, alimweka popo kundi moja na nyani na binadamu. Kila mmoja alishika kipande chake.

Ndipo akaja Louis-Jean-Marie Daubenton, Mfaransa aliyefanya kazi na Buffon, mtaalamu mwenzake wa viumbe, katika kuwaelezea wanyama. Hadi wakati wake popo wa Ufaransa walikuwa hawajatenganishwa vizuri. Yeye aliwapima, akalinganisha meno na masikio, akawatenga aina kwa aina, na majina yakahitajika. Yakapatikana noctule, pipistrelle, barbastelle, na hili letu, sérotine. Mwaka 1774 Mjerumani Schreber akampa huyu wa mwisho jina la kisayansi: Vespertilio serotinus. Wa jioni, wa baadaye. Jioni mara mbili!

Baadaye alihamishiwa jenasi ya Eptesicus (jenasi ni kundi la aina zenye ukoo wa karibu), na kwa miaka mingi ndilo jina utakalomkuta nalo vitabuni, Eptesicus serotinus. Lakini miaka ya karibuni wapo wataalamu wanaomweka katika Cnephaeus, jina ambalo Mjerumani Kaup alilitunga mwaka 1829, na knephas kwa Kigiriki ni kiza cha magharibi. Kwa hiyo hata anapobadilishiwa jina, jioni inamfuata.

Jina lenyewe nalo likasafiri. Wazungumzaji wa Kiingereza walilichukua kutoka Kifaransa wakawapa popo wengine wengi wanaofanana naye. Mmoja wao ni popo mdogo, hafiki gramu 10, anayepatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwa Kiingereza anaitwa serotine wa Cape, ingawa wataalamu wamekwisha kumwondoa kwenye jenasi ya yule wa Ulaya.

Na sasa swali la mhariri wangu, nikamhamishia popo: huyu naye amechelewa nini?

Nilisoma habari zake kwa hamu. Ni popo mkubwa kwa vipimo vya Ulaya, mabawa yakitandazwa hufika sentimita 35 hivi, na uzito wake hucheza kati ya gramu 15 na 35. Hulala darini na kwenye nyufa za majengo. Anakula mbawakawa, hasa wale wakubwa wanaoruka mwanzoni mwa kiangazi na wale wanaoishi kwenye kinyesi cha ng'ombe, na nondo pia. Na hutoka kuwinda dakika 15 hadi 20 hivi baada ya jua kuzama, wakati anga bado lina mwanga wa kumwonyesha mtu njia. Wapo wenzake wa misitu hiyo hiyo ambao hawatoki mpaka zaidi ya nusu saa ipite na giza liwe giza. Aliyeitwa wa baadaye, miongoni mwa popo, ni wa mapema!

Hilo si jambo la bahati. Saa ya popo kutoka hupimwa na vitu viwili vinavyovutana. Wadudu wanaoruka huwa wengi zaidi karibu na machweo, kisha hupungua, kwa hiyo anayechelewa hupata makombo. Lakini ndege wawindaji, mwewe na jamaa zake, bado wanaona vizuri muda huo, na anayewahi anaweza kuliwa. Kila aina ya popo imepata dakika yake kati ya njaa na kifo. Anayewategemea mbawakawa wanaoruka machweo analazimika kutoka mapema. Anayeokota wadudu juu ya majani anaweza kungoja giza, kwa sababu jani halikimbii na mdudu aliyetulia hatoroki na machweo.

Ukijua hivyo, huwezi tena kusema popo huyu kachelewa. Wala kumekucha wala kumekuchwa hakujampita. Sisi wanadamu, tuliokuwa tunafunga milango tukikusanya vyombo, ndio tuliomwona mwisho wa siku yetu tukampa jina la saa yetu. Kwake yeye ile ni asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo Daubenton na Schreber, kwa ninavyoamini, hawakulifikiria walipokuwa wakimpa jina, na ndilo lililonishika kabisa. Popo hawa hupandana majira ya vuli. Jike hashiki mimba wakati huo. Huzihifadhi mbegu za kiume ndani ya mfuko wake wa uzazi, analala usingizi mzito wa majira ya baridi mwili ukiwa umepoa na moyo ukipiga polepole, na miezi inapita. Yai huachiliwa masika, anapoamka, na hapo ndipo mimba inapotunga. Mtoto, naye kwa kawaida ni mmoja tu kwa mwaka, huzaliwa kati ya Juni na Julai, wadudu wakiwa tele na mama akiwa na maziwa. Kama mimba ingetunga siku ya kupandana, mtoto angezaliwa kwenye theluji.

Huo ndio userotinus hasa, kama mtaniruhusu kuunda neno. Mbegu ipo, tayari, na inangoja wakati wake.

Na hapo nikazielewa koni zangu. Misonobari ya Amerika Kaskazini kama Pinus banksiana, na mingi ya Pinus contorta, hufunga magamba ya koni kwa utomvu mgumu. Mbegu zimeiva ndani, hazina upungufu wowote, na koni inakaa mtini mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kinachongojwa ni moto. Msitu ukiungua, joto huuyeyusha utomvu, magamba hufunguka, na mbegu humwagika juu ya jivu, ardhi ikiwa haina kivuli wala mshindani. Mwaka 1988 moto mkubwa uliunguza sehemu kubwa ya hifadhi ya Yellowstone huko Marekani, na watu wengi waliuhesabu msitu ule kuwa umekwisha. Miche ya misonobari ikaota kwa wingi katikati ya magogo meusi bila kupandwa na mtu. Mimea ya Protea ya kusini mwa Afrika hufanya kazi hiyo hiyo, ikitunza mbegu kwenye vichwa vya maua yaliyokauka, na Banksia za Australia vilevile.

Koni hizo hazikuchelewa. Nilizisingizia, na mhariri alikuwa na haki.

Niseme haraka jambo moja kabla sijamaliza, kwa kuwa huwa naulizwa. Serotonini, ile kemikali ya mwilini, si ndugu wa neno hili. Ilipewa jina mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ilipatikana katika seramu ya damu, na serum kwa Kilatini ni maji ya maziwa yaliyoganda. Masikio yanafanana, ukoo haupo.

Sasa tunaandikaje kwa Kiswahili? Najua wapo watakaosema tulichukue neno lenyewe, tuandike serotini, basi. Sina ugomvi na kukopa, lugha yetu imejengwa kwa kukopa vizuri. Lakini hapa naona tungekuwa tunaazima chungu wakati kwetu jikoni kuna viwili. Kwa mimea nimechagua kukawia. Kukawia ni kuchukua muda, na hakumtaji mtu aliyepitwa na alfajiri. Wahenga walikitetea wenyewe waliposema "kawia ufike", na sijasikia mtu akisema "chelewa ufike". Kwa hiyo koni zangu sasa ni koni zenye kukawia kufunguka, na mti wenye maua ya mwisho wa msimu, kama Prunus serotina wa Amerika, naueleza kuwa ni wa kukawia kuchanua. Mhariri alikubali bila swali pembeni.

Kwa popo nilisumbuka zaidi. "Popo wa jioni" halitoshi, kwa kuwa karibu popo wote ni wa jioni. "Popo mchelewaji" ni tusi, na si kweli. Nimeamua kuandika popo-machweo. Ndani yake mna -chwa, mzizi wetu wenyewe wa jua kuzama, na ni sahihi kwa mnyama mwenyewe, kwa kuwa yeye kuliko wenzake wengi anatoka wakati rangi ya machweo ingalipo angani. Na kila ninapoliandika nakikumbuka kile kitenzi kinachopotea. Mtu huchwelewa, jua likazama akiwa njiani, mbali na kwake. Popo yeye hachwelewi kamwe. Jua likichwa, mlango wake ndio umefunguliwa.

Nimelileta neno hili hapa kwa sababu bado halijakaa. Sijui kama popo-machweo litawapendeza wanaoandika vitabu vya wanyama, na ningependa kusikia kutoka kwa wale ambao lahaja zao bado zina kuchwelewa kikiwa hai mdomoni: mnakitumia kwa mtu tu, au hata kwa mnyama aliyechelewa kurudi zizini? Kuna karatasi pale mezani. Tafadhali niandikieni kabla hatujatoka.